Nyumba Yenye Moshi Hairukwi

Chungu changu cha viazi kilikuwa namba mia moja na kumi na nne. Jiko la kuni lilikuwa namba thelathini na moja. Kiti ambacho marehemu mume wangu, Eleuterio, alikikalia kila jioni kuvua gambuti, kwa miaka arobaini na miwili, kilikuwa namba saba. Vania, msichana aliyebandika vikaratasi hivyo, aliniomba kwa upole nisikisogeze kutoka pale dirishani kwa sababu kilikuwa kimeshachorwa.

"Na mimi ni namba ngapi, mwanangu?" nikamuuliza.

"Wewe huna namba, bibi. Wewe ndiye mwenye nyumba."

Akacheka, nami nikacheka. Lakini alipoondoka nilijikuta nazunguka jikoni kwangu mikono nimeifunga nyuma, kama mtu aliyeingia dukani na anaogopa kuvunja kitu.

Hao walikuwa watu wa chuo kikuu, kutoka bara. Walianza kuja kisiwani kwetu Chiloé, kusini mwa Chile, upande wa Punta Quelán, miaka sita iliyopita. Kila kiangazi walikaa katika shule ya zamani ambayo haina wanafunzi tena. Walikuwa tisa, kila mmoja na elimu yake: huyu historia, huyu nyimbo, huyu majengo, huyu mimea na udongo, na wote walikuwa wanasoma kitu kimoja, yaani sisi. Mkuu wao aliitwa Profesa Amparo Iturra, mwanamke mwembamba mwenye mvi, anayetembea haraka hata asipokuwa na haraka. Aliniambia kwamba zamani kila msomi alichukua uzi wake akaondoka nao, na sasa wao wanataka kuliona sweta zima.

Walikuwa watu wema. Nataka lijulikane hilo kabla sijaendelea. Mwaka wa pili niliposhikwa na homa ya mapafu, Profesa Amparo alilala siku tatu kwenye benchi langu la jikoni, miguu ikining'inia, akiamka kutia kuni. Vania aliponiona nasoma barua nimeisogeza mpaka dirishani, hakusema neno. Kiangazi kilichofuata akaniletea miwani. Na walimrekodi Eleuterio akiimba, mwaka mmoja kabla hajafa. Tulipomzika wakaniletea sauti yake, wakanifundisha kitufe cha kubonyeza, kisha wakatoka nje wote wakaniacha nayo.

Kwa hiyo Profesa aliponiwekea karatasi mezani, niliitia sahihi. Sikuisoma mpaka mwisho, ingawa miwani ilikuwa usoni. Ilisema kwamba nyumba itabaki ilivyo na ilipo mpaka utafiti utakapokamilika. Nakala yake ilikwenda kwenye ofisi ya serikali inayotunza majengo ya kale. Tangu siku hiyo sikuweza kubadili kigae kimoja cha mbao bila mtu kuja kukipiga picha. Sikukasirika. Unamkasirikiaje mtu aliyekupa miwani? Wema ni kamba ya sufu, haikati ngozi, lakini ukifungwa nayo umefungwa.

Kisha bahari ikaanza kula genge lililo chini ya nyumba yangu. Majira ya baridi ya mwaka jana dhoruba ilichukua banda la kuku, na kuku wawili. Kufikia Machi zilibaki hatua saba kutoka mlango wa jikoni mpaka ukingoni. Najua ni saba kwa sababu nesi wa zahanati alizihesabu mwenyewe, siku aliyokuja kwa ajili ya dada yangu.

Dada yangu anaitwa Uberlinda. Ana miaka themanini na mmoja, amenizidi minne. Nyumba yake ilikuwa juu mlimani, kwenye mitofaa, mpaka Agosti bomba la jiko liliposhika moto na kila kitu kikateketea. Alitoka na blanketi moja na picha ya harusi ya mama yetu. Tangu hapo alikuwa kwa jirani yake Clorinda, kwenye chumba cha kuhifadhia viazi, kati ya magunia. Miguu imekwisha na macho yanaona vivuli tu, ila ulimi haujapungua hata kidogo.

"Nimeshakuwa kiazi," alikuwa akiniambia. "Ukisikia nimeota, nipike."

Nesi alikuwa amemwandikia nafasi katika nyumba ya wazee mjini. Gari lingekuja kumchukua Jumatatu ya kwanza ya Aprili, isipokuwa kama atapata nyumba kavu na mtu wa kumtunza.

"Atakaa kwangu," nikasema.

Nesi akahesabu zile hatua saba, akatazama chini kwenye mawimbi. "Bibi Ercira, mtu asiyeweza kukimbia hawezi kulala hapa. Hata wewe, sijui kama unaweza."

"Nakimbia nikitaka."

"Haya, nikimbilie mpaka getini nikuone."

Sikukimbia. Akanishika mkono, akaniomba radhi kwa utani ule, na kabla ya kuondoka akanikatia kuni kidogo. Alikuwa na wagonjwa wengine sita wa kutembelea siku hiyo.

Uberlinda alikuwa na ardhi bila nyumba. Mimi nilikuwa na nyumba bila ardhi, maana ardhi ilikuwa inakwenda baharini. Kwa mtu wa kwetu jambo hilo halina fumbo. Nyumba zetu ni za mbao, zimekaa juu ya magogo. Ukitaka kuhama, unaita majirani na maksai wao, mnaifunga kamba, mnaivuta nzima nzima mpaka unapotaka. Tunaita minga. Hakuna mshahara; mwenye nyumba anapika, na siku nyingine akiitwa anakwenda. Nyumba yangu yenyewe ilikuwa imeshahama mara mbili, mara moja wakati wa baba mkwe, mara moja baada ya tetemeko. Nilimsimulia Profesa Amparo habari hizo na yeye akaziandika zote, macho yanamng'aa.

Basi siku moja nikamjaribu. "Profesa, nyumba hii ikihama mara ya tatu itakuwaje?"

Kalamu yake ikasimama. "Bibi Ercira, ikihama sasa sisi tutabaki na nini? Kila kitu tumekipima kutoka hapa. Mitego ya samaki ya mawe, njia ya kanisani, jua linapoingilia. Watu tisa, miaka sita. Tumeomba ujengwe ukuta wa kuzuia mawimbi. Jibu litakuja."

"Lini?"

"Miaka miwili, pengine chini ya hapo."

Nilitaka kumuuliza kama bahari imeambiwa. Lakini siku hiyo alikuwa ameniletea asali, na kopo lilikuwa bado mkononi mwangu.

Nilijua kwamba Alhamisi ya mwisho ya Machi watu wa chuo wangevuka kwenda bara kwenye mkutano wao mkubwa, na kurudi wiki iliyofuata. Mvua za Aprili zingelainisha ardhi, na baada ya hapo maksai wasingeweza kuvuta hata choo. Kwa hiyo nikapanga minga Jumamosi ile, wakati wasomi hawapo. Nina miaka sabini na saba na sijawahi kumwibia mtu, lakini wiki hiyo nilitembea kama mwizi, na nilichokuwa naiba ni nyumba yangu mwenyewe.

Minga haiitwi kwa kupaza sauti. Unakwenda nyumba kwa nyumba, kwa kufuata njia, kuanzia ya karibu mpaka ya mwisho. Husemi shida yako mlangoni. Unakaa karibu na jiko, unapokea kibuyu cha chai chungu, mnazungumza viazi na hali ya hewa. Kisha unasimama, unaomba. Mwenyeji anakataa kidogo, kwa adabu. Unaomba tena. Unaomba mara ya tatu, na hapo hasemi ndiyo. Anasema, "Nilete nini?" Akishasema hivyo, limekwisha.

Nyumba kumi na moja zina moshi katika njia yetu. Niliziingia zote kwa siku mbili. Kwa Clorinda nilipewa mkate wa viazi uliotoka jikoni wakati huo huo. Mzee mmoja asiyeweza kusimama aliniambia ataleta sauti yake, atakuwa anawapigia maksai kelele. Kumi na moja, na kila mmoja akasema, "Nilete nini?" Machozi yalinilenga kila mara, nikayafuta na kona ya shali.

Nyumba ya mwisho ni ya Rosamel, mtoto wa binamu yangu. Ndiye kiongozi wa maksai. Yeye ndiye anayepanga jozi na kamba, na bila yeye hakuna anayegusa nyumba. Na yeye alisema, "Nilete nini, shangazi?" Nikashusha pumzi. Kisha, akinisindikiza mlangoni, akasema:

"Na wale wa shule wamesemaje?"

Nikajifanya natafuta kiatu.

"Shangazi. Wa shule wamesemaje?"

"Wale si wa hapa, Rosamel. Watakuwa bara siku hiyo."

"Leo wapo. Nimeona moshi asubuhi." Akaufunga mlango aliokuwa ameufungua. "Umeruka moshi."

"Ni wageni!"

"Miaka sita wanawasha jiko kwenye njia yetu. Clorinda alipojifungua nani alikwenda na taa? Si yule mwembamba? Mgeni gani huyo?" Hakusema kwa ukali. Ananipenda Rosamel, nilimlea mwaka mzima mama yake alipokuwa hospitali. "Unakumbuka nyumba ya Ruperto?"

Nani asiyeikumbuka? Ruperto aligombana na shemeji yake, akaita minga akamruka. Kamba zilikatika kwenye bonde, nyumba ikazama mpaka madirishani, na ipo pale mpaka leo, vyura wanaingia na kutoka.

"Ule ulikuwa mkosi tu," nikasema.

"Haukuwa mkosi. Shemeji yake ndiye peke yake aliyejua chemchemi inapita wapi chini. Hakuitwa, hakusema. Mtu anayerukwa ana kitu ambacho wengine hamna, ndiyo maana haturuki." Akanivika shali vizuri mabegani. "Nenda kawaombe. Wakisema tulete nini, nitafunga nira saa moja asubuhi. Wasiposema, sifungi. Nisamehe."

Nikarudi kwa miguu. Njia hiyo naijua tangu nizaliwe na siku hiyo ilikuwa kama ukumbi mrefu wenye mlango mmoja. Nikiacha kuomba, sina maksai. Nikiomba, namwambia mwenye karatasi kwamba nataka kuivunja, na yeye ndiye mtu wa mwisho duniani anayeweza kunikubalia.

Shule ilikuwa inatoa moshi kweli, tena mwingi, maana hawakujifunza kamwe kukausha kuni. Vania alinifungulia, pua nyekundu kwa mafua, sindano za kufumia mkononi. Nilikuwa nimemfundisha kufuma soksi. Aliyokuwa akifuma ilikuwa na visigino viwili.

"Bibi! Hii ya nani unafikiri?"

"Ya mtu anayekwenda huku na huku," nikamjibu. Akacheka mpaka akakohoa.

Profesa Amparo alikuwa anafunga masanduku ya safari. Aliacha kila kitu, akanipa kiti kilicho karibu na jiko, kile kisichoyumba. Akanipa kibuyu cha chai. Nikanywa, nikamrudishia. Nikasema viazi mwaka huu ni vidogo lakini vitamu. Yeye, kwa mazoea, akanyoosha mkono kuwasha chombo chake cha kurekodi. Nikasema upepo umegeuka, mvua haiko mbali. Hapo akanitazama vizuri. Akaona nimevaa shali ya kanisani, na ilikuwa Jumanne. Mkono ukarudi, akakizima.

"Tuache kidogo," akawaambia wenzake, na wote wakatoka, hata Vania na soksi yake.

Nikasimama. "Profesa Amparo, nakuomba wewe na watu wa nyumba yako. Jumamosi nahamisha nyumba kwenda kwa dada yangu. Nahitaji mikono."

"Usiniombe hilo, Bibi Ercira. Tafadhali."

Kila mtu hukataa mara ya kwanza. Lakini wengine walikataa huku wakitabasamu, na yeye hakutabasamu.

"Nakuomba. Jumatatu gari linakuja kumchukua Uberlinda. Nakuomba mikono."

Akakaa chini. "Unajua nyumba yako ikitoka pale, ofisi itaifuta? Unajua mkutano wa Ijumaa ni wa nini? Ni wa kuamua kama kazi hii itaendelea. Naenda kusimama mbele yao kuwaeleza kwa nini nyumba yako isiguswe. Nina watu wanane wanaokula kwa kazi hii. Vania anaandika tasnifu yake juu ya jiko lako!" Akafunika uso. "Na mimi ndiye niliyeandika juu ya minga. Ukurasa mzima. Kwamba anayeombwa mara tatu hana pa kupita. Niliandika kama mtu anayetazama samaki kwenye maji."

"Mimi ningependa kukuruka," nikamwambia. "Nilikuruka. Wamenirudisha. Wanasema nyumba yako ina moshi."

Akainua kichwa. "Walisema hivyo? Nyumba yetu?"

"Rosamel amesema. Kwa ajili ya Clorinda, na ile taa."

Mimi nilikuwa nimebakiwa na ombi moja, na magoti yalikuwa yanauma. Nilimwonea huruma. Nilimwona amekaa kati ya masanduku yake kama mimi nilivyokaa kati ya namba zangu, na ni mimi niliyekuwa naikaza kamba. Hata hivyo niliomba.

"Mara ya tatu, Profesa. Nakuomba mikono."

Akainuka, akanifungia kipande cha keki kwenye kitambaa, akanipa, akatoka nje kwa mlango wa nyuma. Nikasikia shoka. Alikuwa anapasua zile kuni mbichi, moja baada ya nyingine.

Alhamisi walivuka kwenda bara, wote tisa, bila jibu. Nikaona moshi wa shule umezimika.

"Sasa si nyumba tena," nikamwambia Rosamel. "Haina moshi."

"Ulipoomba ulikuwepo," akasema. "Tunasubiri jibu."

Ijumaa nilikwenda kwa Uberlinda. Nilimkuta amefunga vitu vyake vyote kwenye kitambaa kimoja, kifurushi kama cha mtoto wa shule.

"Mjini wanasema wanawalaza saa kumi na mbili jioni," akasema. "Kama kuku. Kuku wako walikuwa na bahati, wamekufa baharini."

"Usiseme hivyo, dada."

"Nisemeje? Njoo hapa." Akanipapasa uso kwa vidole vyake. "Umekonda. Umemwomba yule mama vizuri?"

"Mara tatu."

"Basi umemaliza ya kwako. Acha kunililia mikononi, mikono inapata baridi."

Jumamosi saa moja asubuhi walikuja wote. Jozi kumi na mbili za maksai, pumzi zikitoka mvuke, wanawake na vikapu vya kome na viazi, yule mzee kwenye kiti chake akijaribu sauti. Walikuwa wamechimba shimo la kupikia, mawe yalikuwa motoni. Kamba zilikuwa zimelala kwenye majani, hazijafungwa. Rosamel alikaa juu ya nira akivuta sigara, hakunitazama. Hakuna aliyenilaumu. Clorinda aliniletea kikombe cha supu na kunigeuza nisione bahari.

Saa mbili. Saa tatu. Maksai walianza kula bustani yangu ya kabichi, na sikuwa na nguvu ya kuwafukuza. Ndani nilikuwa nimeacha jiko linawaka, kwa sababu nyumba haihamishwi imezimwa. Inatakiwa ifike na moshi wake. Nilitia kuni mara tatu. Kila nilipoingia vile vikaratasi vilinitazama: saba, thelathini na moja, mia moja na kumi na nne. Hatua zilikuwa sita sasa. Nilizihesabu mara mbili.

Saa nne na nusu yule mzee akapiga kelele, na hakuwa anawapigia maksai. "Kule! Barabarani!"

Walikuwa wanatoka gatini, wametoka na meli ya kwanza, tisa kwa mstari, bado na nguo za mkutanoni. Profesa Amparo alikuwa mbele, koti zuri, na miguuni gambuti za mtu mwingine, kubwa kuliko yeye. Hakuja kwangu. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Rosamel, kama mtu anayejua mlango.

"Nilete nini?" akasema.

Rosamel akatupa sigara. "Umechelewa, mama. Leta mikono."

Watu wakapiga kelele hadi kuku wa jirani wakaruka. Mimi nilikaa chini kwenye majani yenye umande. Vania akaja akaniinua. Profesa alipita karibu nami akisaidia kukokota kamba, akasema kwa sauti ndogo, "Nimewaambia mwenyewe kwamba nyumba inahama, mbele ya wote. Usiniulize walichojibu." Sikumuuliza.

"Tubandue namba?" Vania akauliza.

"Ziache," Profesa akasema. "Zitakazodondoka zidondoke."

Nyumba ilinguruma, ikakataa, kisha ikatoka mahali pake kwa mlio kama jino linalong'olewa. Ilipanda polepole, bomba likitoa moshi, watoto wakikimbia pembeni. Nilitembea nyuma yake nikimwona Eleuterio kwenye kila dirisha.

Kwenye kona ya chini ya mitofaa, Rosamel aliwageuza maksai kushoto, penye majani mafupi, panapoonekana pakavu. Profesa Amparo akapaza sauti. "Si hapo! Simamisha! Hapo chini kuna maji!"

"Pakavu hapo, mama."

"Juu tu. Mwaka juzi tulichimba mashimo kumi na mbili kilima hiki. Pitisha kulia, kwenye vichaka. Kuna mwamba."

Rosamel akachukua fimbo ndefu, akaichoma pale palipokuwa pakavu. Ikazama mpaka kiganjani mwake. Akaitoa, akaitazama, akanitazama mimi. Hakusema neno kuhusu Ruperto wala vyura. Akawageuza maksai kulia.

Saa kumi jioni nyumba ilikaa kati ya mitofaa ya dada yangu, imepinda kidogo upande wa kaskazini, na imepinda hivyo mpaka leo. Wanaume wanne walimbeba Uberlinda kwenye kiti namba saba, wakamvusha kizingiti. Alinyoosha mkono akagusa jiko, akagusa ukuta, akagusa chungu.

"Hiki kikaratasi ni cha nini?"

"Ni namba."

"Basi kiache," akasema. "Nitajua chungu ni kipi."

Jumatatu gari la nesi lilikuja. Nesi aliingia, akanywa chai, akatazama nje, akahesabu hatua mpaka akachoka, akaondoka na kiti kitupu garini.

Kiangazi kilichofuata shule haikutoa moshi. Ofisi ilikuwa imeifuta nyumba yangu katika orodha yake, na chuo kilikuwa kimewapa watu wengine kazi ya visiwa. Vania aliniandikia kwamba amemaliza tasnifu yake, na kwamba ndani yake jiko linahama. Profesa hakuandika. Nilikuwa nikitia kuni na kufikiri juu yake. Mimi nilifungwa na karatasi yake, kisha nikamfunga yeye na desturi yetu. Kamba zote mbili zilikuwa za sufu. Nilitoka mimi, na sikujua kama yeye alitoka. Nilimwambia Uberlinda.

"Angeweza kukaa huko bara," akasema. "Hakuna aliyemvua viatu vyake akamvika gambuti."

Lakini sikutulia.

Barua yake ilifika Juni, pamoja na mvua. Niliisoma kwa miwani ya Vania. Alisema hafundishi tena pale. Amepata kazi kwenye maktaba ndogo ya mji mwingine, na mwezi ujao anahama nyumba. Anaishi ghorofa ya nne, ana vitabu vingi, na katika jengo zima hamjui jirani hata mmoja. Kisha aliandika: viazi vya sokoni huku ni vikubwa lakini havina ladha. Upepo umegeuka. Chini yake, kila mstari peke yake, aliandika ombi lake. Mara tatu.

Nilimsomea Uberlinda kwa sauti. Akacheka mpaka akashika ubavu.

"Ghorofa ya nne! Na wewe utabeba nini, na mgongo huo?"

Nilishakuwa natafuta kalamu. Rosamel alisema anakuja, Clorinda pia, bila maksai safari hii. Kwenye karatasi sikuandika salamu wala habari za hali ya hewa, kwa kuwa yeye alishaziandika. Niliandika maneno mawili tu, nikaweka alama ya kuuliza, nikaikunja karatasi wino haujakauka.